Meno ya Mkeo

Mwanangu,

Chai iko kwenye chupa. Mlango wa nyuma ufunge, paka ameanza wizi. Mimi nakwenda kwa dada yako, ~~nitarudi Jumapili~~ msinisubiri.

Ulipokuwa umelala, mkeo aliichoma miswaki yangu ya mti. Akamwambia mjukuu wangu, "Bibi anatafuna kuni, ndiyo maana mdomo unamnuka. Sisi tunatumia mswaki wa dukani." Mtoto akacheka.

Uzee wote huu, sijang'oka hata jino moja. Yeye yale manne ya mbele unayomsifia ni ya bandia, mwanangu. Aliyaacha kwenye glasi alipoingia kuoga. Nimekuwekea kwenye kisahani chako.

Mkate umkatie vipande vidogo vidogo.

Mama