Wino Unaofulika

Nyumbani, chumba cha nyuma ya duka la dobi,
Jumapili, tarehe 14 Juni

Mpendwa mjukuu wangu, mume wangu mtoro,

Huna haya. Miaka minne! Mume aliyekwenda kununua kiberiti angekuwa amesharudi, japo kwa aibu. Mimi nimekaa hapa mjane na mume yu hai, ananenepa, anatuma picha amesimama karibu na magari ya watu.

Haya, nimemaliza. Sasa, hujambo? Mgongo wako wa kukaa kitini kutwa unaendeleaje? Unalala? Unakunywa maji, au bado unajidanganya na soda? Mimi mzima, ila magoti yanalia kama mlango usiotiwa mafuta, na jino moja limeniaga. Mama yako mzima. Yuko pale mbele anapiga pasi na kujifanya hanichungulii.

Ananichungulia kwa sababu barua hii naiandika mwenyewe. Ndiyo, mimi bibi yako, nisiyewahi kukanyaga shule utotoni hata siku moja. Leo ni siku ya tatu naiandika. Ukiona herufi zinapanda mlima, hizo zangu. Za mama yako husimama kama askari.

Zile barua za nyuma hukupata bibi, ulipata mama yako. Mimi nilisema, yeye akaandika, na maneno yangu aliyafua kabla hayajagusa karatasi. Nilimwambia, "Mwandikie ni mpumbavu, arudi nimwone kabla sijafa." Mwaka huu nilipoweza kusoma, kitu cha kwanza nilichosoma humu ndani ni barua ya kuja kwako, ambayo mama yako alikuwa hajaitia kwenye bahasha. Nikatafuta neno mpumbavu, sikulikuta. Palikuwa na "Bibi anakukumbuka sana."

Wewe uliposikia naenda darasa la watu wazima ukanitumia kalamu ya wino na chupa ya wino mweusi. Kwa kalamu, ahsante, na Mungu akuzidishie. Biro siiwezi, inataka kukandamizwa, na vidole hivi vimekaa majini miaka arobaini. Kalamu yako inateleza yenyewe. Lakini ule wino, mume wangu, uliutoa wapi?

Nilikuwa najaza kalamu juu ya meza ya pasi, maana ndiyo meza pekee humu isiyoyumba. Kiwiko kikagonga chupa. Wino ukaenda kwenye koti jeupe la daktari wa meno, kifuani, doa pana kama kiganja. Mama yako alipiga kelele mpaka mteja akatoka nje. Mimi nikacheka. Nimetoa wino kwenye mashati ya makarani tangu mama yako namfunga mgongoni. Nikamwambia, "Nitekee maji, acha kunililia."

Nikafanya nilivyofanya siku zote. Maji baridi, yapite kutoka upande wa nyuma ili doa lirudi lilikotoka. Kitambaa safi chini. Sabuni, na kugongagonga kwa vidole, si kusugua. Halikusogea. Nikaloweka kutwa nzima. Halikusogea. Hapo kiburi kikanipanda, nikatia dawa ya kung'arisha, tena nyingi. Koti likawa jeupe kuliko siku lilipotoka dukani, na doa katikati likazidi kuonekana, kama nzi kwenye maziwa.

Kosa langu ni kwamba sikusoma chupa. Kusoma najua, na Kiingereza chake ningeulizia, lakini nani anasoma chupa ya wino? Wino ni wino. Miaka yote ile niliyofua, wino ulikuwa ule wa buluu wa maofisini, unaokimbia ukiona maji. Mwalimu wa darasa ndiye aliyenitafsiria maneno ya kwenye chupa yako: hautoki kwa maji wala kwa dawa, unadumu miaka mia. Miaka mia! Nani kakwambia nina haja na miaka mia? Nataka barua ifike wiki ijayo.

Mama yako akachukua kalamu akaifungia kabatini. Akasema kwa ile sauti yake ya upole inayoniudhi, "Mama, umejaribu, inatosha. Wewe utasema, mimi nitamwandikia."

Nikamwambia, "Wewe andika za mumeo. Huyu ni mume wangu."

Hakucheka. Na mimi, nakwambia kweli, moyo uliniuma. Nilijiona narudishwa kwenye "Bibi anakukumbuka sana" mpaka siku ya kunizika.

Daktari wa meno alipokuja, mama yako alitaka kumwambia koti halijakauka. Nikamsukuma pembeni, nikamwonyesha mwenyewe, nikamwambia ni mimi niliyemwaga. Akakunja uso. "Bibi, mgonjwa akiliona hili si atakimbia?"

"Mgonjwa akifika kwako huwa keshafumba macho."

Alitaka kucheka akajizuia, ana heshima zake. Nikamshonea mfuko wa pili juu ya doa, kwa kitambaa cha upindo wa ndani wa koti lilelile. Alilichukua bila kuaga. Juzi kaleta mengine mawili, basi hajanuna sana.

Lakini kalamu bado ilikuwa kabatini. Nikachana shuka kuukuu vipande vinne, nikaenda duka la vifaa vya ofisi. Muuzaji akaniambia siku hizi wino wa chupa hauna mwenyewe, nichukue biro. Nikamwambia sikumuuliza. Nikataka afungue kila chupa nichovye kijiti, nitie tone kwenye kila kipande. Akasema, hairuhusiwi, Bibi. Nikakaa kwenye kiti chake. Akafungua.

Vipande nikaviacha vikauke siku nzima, maana doa la kweli halikukuti ukiwa na beseni mkononi. Kisha nikavifua kwa maji baridi. Mweusi ulibaki vilevile, umenuna. Mwekundu ulihama tu, kipande chote kikawa waridi. Ule wa buluu iliyokolea, unaokaribia weusi, ulififia, lakini nilipotia dawa ukageuka rangi ya kutu. Nikaufukuza kwa limau na chumvi, ukaacha kivuli. Ule wa buluu ya kawaida, rahisi kuliko wote, ambao muuzaji aliutoa chini kabisa na vumbi lake, ulitoka wote kwa maji na sabuni, nami nikarudi nikaununua.

Nikaviweka vipande vinne mbele ya mama yako. Akaokota kile kilichotakata, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akakinusa, akakikwaruza kwa ukucha. Yule ni dobi, hadanganyiki. Kisha akafungua kabati.

"Ila si kwenye meza yangu ya pasi, Mama."

Nikamwambia meza ni yangu, yeye nimemwazima. Lakini naandikia juu ya sinia, magotini, kwa ajili ya amani.

Nawe kwenye picha nimeona doa kwenye mkono wa shati lako. Usijifanye ni kivuli. Usipige pasi juu yake, utaliozesha na kitambaa. Maji ya moto usiyaguse. Na ukienda kununua wino usitazame uzuri wa chupa, uliza, unatoka kwa maji? Wakikwambia haufutiki milele, waachie wanaoandika hati za mashamba.

Mjomba wako fundi baiskeli anakusalimu. Mwalimu wangu naye anakusalimu. Kanisahihisha maneno mawili, mengine nimemkatalia. Mama yako anasema anakukumbuka sana, na hilo nimeliandika kama alivyolisema. Msalimie mke mwenzangu, mwambie sina wivu naye, amlishe tu mume wetu vizuri. Mbusu kitukuu wangu, ambaye mpaka leo namjua kwa picha. Mungu awalinde nyote, awape riziki isiyowafunga miguu.

Na wewe ni mpumbavu, rudi nikuone. Mkija, na nimeandika mkija, sikuandika mkipata nafasi, mvalisheni mtoto nguo nyeupe kabisa. Kalamu nitampa mimi mwenyewe, na mtu asimpokonye.

Mkeo wa kwanza, akupendaye kwa ukali wote,
Bibi