Figo Yangu Ameipokea, Mtindi Wangu Amekatazwa

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla ya Jumapili, maana Jumapili nimepanga kufanya jambo kwa siri na moyo wangu hautulii.

Mimi natengeneza mtindi, mtaani wananiita Mama Mgando na jina hilo nalibeba kwa kifua mbele, kwa sababu mtindi wangu ni mzito, kijiko kinasimama, na mbegu yake, yaani kile kikombe ninachobakiza kila mara ili kigandishe maziwa yanayofuata, nilipewa na mama mkwe alipoona mikono yake imechoka, na tangu hapo haijawahi kuharibika, hata tulipohama nyumba niliipakata mimi, mume wangu akabeba mtoto. Binti yangu, ambaye sasa anafundisha baiolojia, aliniambia ndani ya kikombe kile mna bakteria hai walio rafiki wa tumbo, wanawasiliana na seli za utumbo na kuisaidia kinga ya mwili, basi mshauri nikavimba kichwa, nikaanza kuwaambia wateja kwamba anayekunywa kwangu hana haja ya kukimbilia zahanati.

Sasa kaka yangu, fundi wa kuchomelea mageti, figo zake zilikufa, na alipotafutwa mtu wa kumpa nyingine mimi ndiye niliyelingana naye na mimi ndiye niliyetoa, sikuombwa mara mbili, na leo uso wake umerudi, ameanza hata kubishana na watu kama zamani, nami kila nikimwona nasema moyoni, ile ni kazi yangu. Lakini nilipompelekea mtindi, wifi alinipokea mlangoni, akautazama, akaniambia, "Wifi, nisamehe, huu hanywi. Daktari amekataza vitu vyenye bakteria hai."

Nikamuuliza, "Kwani mimi mchafu?"

"Sijasema hivyo, wifi. Kama vipi, uchemshe kwanza."

Mtindi uchemshwe, mshauri, ukatike ubaki maji na mabonge, na hao bakteria wote wafe, hapo unamnywesha mtu nini? Niliondoka bila kuaga. Juzi kaka akanipigia simu, anaongea chini chini, "Dada, dawa zimeniharibu mdomo, kila ninachokula nasikia chuma. Jumapili wifi yako anakwenda kumwona mama yake. Niletee kikombe kimoja tu." Nimeshakitenga, kiko kwenye friji. Mtu niliyempa figo yangu anyimwe mtindi wangu? Niambie, nimpelekee au nisimpelekee?

Mama Mgando

*

Mama Mgando, usimpelekee. Nalitanguliza hilo usije ukachoka kusoma ukafungua friji.

Pili, pokea heshima yako. Wengi husema "ningekufa kwa ajili ya ndugu yangu" na wakiitwa kupimwa hawapokei simu. Wewe ulikwenda, ukalala kitandani, ukatoa. Na mtindi wako hakuna aliyeuita mchafu. Neno hilo umelitia wewe, halafu ukalikasirikia wewe mwenyewe.

Binti yako amekufundisha vizuri, ila uliondoka darasani kabla kipindi hakijaisha. Utumbo kwa ndani umetandikwa seli zilizopangwa safu moja tu, zimebanana bega kwa bega, na juu yake kuna ute. Baadhi ya bakteria wazuri wakifika hapo wanawanyima wabaya nafasi, na wanazichochea seli zile zitoe ute na zibanane zaidi. Chini ya safu hiyo ndiko wanakokaa askari wengi wa kinga ya mwili. Wanapata habari za nani anapita, wanajifunza yupi wa kupigwa na yupi wa kuachwa apite zake. Ni kazi nzuri na una haki ya kujivunia kuwa karibu nayo. Lakini si kila bakteria anaiweza, na wa kikombe chako hakuna aliyewapima. Kwa hiyo maneno ya wateja kutokwenda zahanati yafute leo hii. Mtoto wa mtu akicheleweshwa matibabu kwa sababu ya sifa zako, utamwangaliaje mama yake?

Sasa kaka yako. Zile dawa anazomeza ni za nini? Askari wake wakiiona figo yako wanaona mgeni, na wakiachwa wataishambulia hadi ife. Dawa zinawapokonya silaha ili mgeni akae. Hao hao ndio ambao wangemdaka bakteria akipenya ile safu na kuingia kwenye damu. Kwako wewe akipenya anadakwa hapo hapo. Kwa kaka yako, hata aliye rafiki anaweza kugeuka ugonjwa, na jiko liwe safi vipi, kikombe kinaweza kubeba mwingine usiyemjua. Maambukizi yakimlaza, figo nayo inaweza kuharibika. Na figo yenyewe ni yako.

Basi huyo wifi unayemnunia alikuwa amesimama mlangoni akilinda kitu kilichotoka mwilini mwako. Kamwombe radhi. Kaka naye mwambie mipango ya kungoja mkewe atoke aache, ni mtu mzima. Ladha ya chuma amweleze daktari, na dawa asiziguse kwa kuzipunguza wala kuziacha. Siku yake ya kliniki nendeni wote watatu, umuulize daktari mwenyewe kama mtindi atakuja kuruhusiwa, upi, na lini. Akikwambia subiri, unasubiri. Akikwambia hapana, unanyamaza.

Kile kikombe cha kwenye friji kigandishie maziwa mengine, wateja wako wanakungoja. Jumapili nenda kamwone kaka yako, mikono mitupu, kichwa juu. Akikuuliza umemletea nini, mwambie ulishaleta.