Sikio la Kushoto na Kipimo cha Kesho

Alhamisi. Joto kali, ziwa limetulia kama uji uliopoa, na harufu ya viwanda vya samaki imeingia mpaka kwenye shuka. Naandika nimelala ubavu, kwa sababu nikiinuka tu, ukuta unaondoka.

Kesho napimwa mimba.

Sijawahi kushikwa hata mkono na mvulana. Naiandika sentensi hii ili iwepo mahali fulani, maana kwa mdomo sijaweza kumwambia mtu yeyote.

Ilianza muhula huu, baba alipopunguzwa kazi kwenye kiwanda cha nguo. Walisema kiwanda kinatafutiwa mmiliki mpya. Sasa baba anauza mitumba mtaani Mkuyuni, na kila jioni ananiambia maneno yaleyale: "Sisi tumebaki na wewe tu. Ukifeli kidato cha nne, tumekwisha." Anasema kwa upole, na huo upole ndio unaonimaliza. Nikimsikia, sikio la kushoto linaanza kuvuma kama mashine ya kusaga. Kisha linaziba. Kisha chumba kinazunguka, natapika mpaka nyongo.

Mama alidhani malaria. Huku kwetu kila kitu ni malaria. Nikamezeshwa klorokwini, halafu kwinini, na masikio yakazidi kulia hadi nikawa simsikii mtu aliye mlangoni. Ndipo mama akanipeleka hospitali.

Daktari alieleza taratibu. Ndani kabisa ya sikio kuna maji, na hayo ndiyo yanayoujulisha mwili kama umesimama au umeinama. Yakizidi, mtu anaona dunia inazunguka. Akasema mtu akiwa na hofu, mwili humwaga homoni za kumwandaa kukimbia au kupigana, na zikimwagika kila siku huenda zikalivuruga hata sikio, ingawa wataalamu wenyewe bado wanabishana. Akaniambia nipunguze chumvi, nipunguze na mawazo.

"Una mawazo gani, binti?"

"Sina."

Mama alikuwa amekaa pembeni yangu. Ningesema nini? Homoni hizo nimezisoma darasani kwa Kiingereza. Naweza kuchora zile tezi zilizo juu ya figo na kupata alama zote. Lakini kumwambia mama, kwa Kiswahili au kwa Kisukuma, kwamba namwogopa baba kwa sababu ananipenda? Hayo sikufundishwa kwa lugha yoyote.

Chumvi ndiyo iliyoniponza.

Mama anauza mapanki, mifupa ya sangara inayobaki viwandani minofu ikishapelekwa Ulaya. Anayatia chumvi, anayaanika, anayakaanga. Ndiyo mboga yetu. Nikaanza kuyasukuma pembeni, nikala ugali mkavu, na mama akawa ananiangalia kama vile nimemtukana. Shuleni, maharage yangu nikawa nampa Kulwa, tunayekaa naye dawati moja. Alifurahi kwanza. Halafu akanitazama tumboni.

"We Kabula, unachagua chakula, unatapika, unatembea umeshika ukuta. Dada yangu alianza hivyohivyo, na sasa mtoto anakimbia."

Alikuwa anatania. Lakini darasa zima lilicheka, na kicheko kikafika kwa mwalimu wa malezi.

Jana mwalimu aliniita. Nilisimama mbele ya meza yake nikijua kabisa ninachotakiwa kusema. Neno moja tu, sikio. Halikutoka. Nikatazama viatu vyangu.

"Ijumaa nesi anakuja," alisema. "Kama huna kitu, unaogopa nini?"

Papo hapo sikio likaanza kuvuma. Nikaishika meza nisianguke, naye akatikisa kichwa kama mtu aliyeshapata jibu.

Huu ndio mtego. Naogopa, naugua. Wakiniona naugua wananishuku, na wakinishuku naogopa zaidi. Msichana akikutwa na mimba anafukuzwa shule siku hiyohiyo, hilo kila mtu analijua. Lakini hakuna anayejua inakuwaje kulala pale, nesi anakubonyeza tumbo na mlango uko nusu wazi, wakati wewe unajua huna kitu na bado unatetemeka kama mwizi. Nani alishawahi kuacha kuogopa kwa sababu ameambiwa asiogope?

Leo mchana mwalimu amepita kwa mama sokoni. Sijui walisemezana nini. Ninachojua ni kwamba habari zimemfikia baba, amefunga biashara mapema na kuja moja kwa moja uani, nilipokuwa namsaidia mama kugeuza mapanki.

"Shikamoo, baba."

Hakuitikia. Alivuta kigoda, akakaa, akauliza neno moja.

"Nani?"

"Baba Kabula, daktari alisema ni sikio," mama alisema. "Mimi nilikuwepo."

"Tangu lini sikio likatapisha mtu?"

Nilitaka kujibu. Nilifungua kabisa mdomo. Lakini ua wote ukapinduka, beseni likaja juu na mimi nikaenda chini. Baba alinidaka kichwa kabla hakijafika kwenye mawe. Akaninyanyua uso, akayaona macho yangu yanavyokimbia yenyewe, huku na huku, bila mimi kuyakimbiza. Hakuna msichana anayeweza kuigiza hivyo. Mikono yake ilikuwa inatetemeka chini ya shingo yangu, na kwa mara ya kwanza nikafikiri: kumbe na yeye zinammwagika, homoni zilezile, kila siku, tangu waliposoma jina lake pale kiwandani.

Nikangoja aseme kitu.

"Tutajua kesho," alisema, akanilaza kwenye mkeka polepole sana.

Najua kipimo kitasema nini. Baba atafurahi, labda atanunua hata soda. Atakiamini kipimo. Mimi nilitaka aniamini mimi, leo, kabla hajajua.

Sauti ndani ya sikio haijanyamaza tangu wakati ule. Kwa hiyo nimeamua. Kesho, kabla nesi hajanigusa, nitamwambia ni sikio. Nikishindwa kusema, nitaonyesha kwa kidole.