Kwa Taarifa na Utekelezaji

Kibiti,
12 Juni 1994

Kwako dada yangu mpenzi Zuena,

Shikamoo dada. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Shaban, na kwamba mtoto ameshapona kile kikohozi. Ukitaka kujua hali zetu, mimi sijambo na baba hajambo. Mama bado yuko Umwe kwa bibi, anaamia ndege kwenye mpunga, na ametuletea salamu kwamba mwaka huu ndege ni wengi kuliko masuke. Barua hii anakuletea Mwanamina, anakuja huko Mbuchi na boti ya wanunuzi wa kamba. Mkaribishe akae kitako, ana maneno mengi kuliko mimi.

Barua yako niliipata. Uliuliza jambo moja tu, nami nimelizunguka wiki mbili. Uliuliza mbona barua ya baba safari hii haikuishia na yale maneno yake, na kama anaumwa tusikufiche. Haumwi, dada. Nitakueleza, ila lazima nianzie mbali, maana nikianzia karibu nitaacha.

Tangu shirika lifungwe, baba hakuacha kwenda kazini. Kila asubuhi alikuwa anavaa kaunda suti yake ya kijivu, iliyopigwa pasi, kalamu mbili mfukoni, anakwenda kukaa kwenye benchi nje ya lango pamoja na mzee Tabu mlinzi. Waliambiwa wasubiri barua ya kurudishwa kazini, naye akawa anasubiri, mwaka wa pili sasa. Na lugha ya ukarani wa masijala hakuiacha kule. Akitaka kuoga alikuwa anasema maji yapelekwe uani, kwa taarifa na utekelezaji. Unakumbuka siku jogoo alipokufa? Alisimama mlangoni akatutangazia kwamba jogoo amefariki alfajiri ya leo, kwa taarifa na utekelezaji, sisi tukaziba midomo kwa mto. Tulikuwa tunacheka, lakini kicheko chetu kilikuwa cha ndani ya nyumba.

Sasa, baada ya wewe kuolewa, mama Devotha, mke wa mwalimu Wilbrod, alifungua banda la video nyuma ya duka lake. Ana televisheni, deki na jenereta, na anaonyesha jioni baada ya swala ya alasiri, Jumamosi na Jumapili. Kanda zake nyingi ni za ngumi. Lakini ipo moja ambayo juu yake imeandikwa kwa Kiingereza kwamba wamo wachekeshaji wakubwa kuliko wote waliopata kutokea duniani. Ni filamu za zamani sana, watu hawana sauti. Anayesikika ni mzungu mmoja tu, haonekani, anaeleza kila mchekeshaji alizaliwa wapi na alifariki lini. Siku ya kwanza alitafsiri mwalimu Wilbrod mwenyewe. Akatafsiri kama yuko darasani, mpaka akawaambia watu warudie baada yake. Banda likabaki na watoto wawili, na hao ni wake.

Ndipo mwalimu akanikumbuka, kwa sababu alinifundisha na anajua Kiingereza changu cha kwenye daftari. Unanijua, dada. Mwalimu akiniita nisimame, nasimama na sauti inabaki imekaa. Nikakataa. Mama Devotha akasema nitakaa nyuma ya pazia la khanga na maiki, hakuna atakayeniona, na watu wakiuliza atasema ni binti wa ndugu yake kutoka Songea. Baba nilimwambia nakwenda kumsaidia mama Devotha dukani.

Nilianza vizuri. Nikasema huyu alizaliwa katika dhiki, mama yake alikuwa akiimba majukwaani. Mtu akapiga kelele kwamba hatukuja msibani, tuambie jamaa anasema nini. Nikajibu kwenye maiki kwamba hasemi kitu. Wakazomea. Kijana mmoja, Badru wa mashine ya kukoboa, akasema mdomo ule unatikisika, au anatafuna karanga? Basi nikaanza kuwapa maneno. Yule mnene anayebanwa na koti nikampa maneno ya Mpemba muuza kashata. Yule bibi anayepigwa na mlango kila akiingia nikampa ya shangazi Kijakazi, usimwambie. Watu wakawa wanacheka, na mimi nyuma ya khanga nikawa mtu mwingine. Sikujua kama nina sauti ile.

Kisha akaja mrefu. Huyu ndiye wa mwisho kwenye kanda, na yule msimulizi anasema ni mkubwa kuliko wenzake wote. Amevaa suti iliyopigwa pasi. Hacheki hata kidogo. Anatumbukia mtoni, anatoka, anakung'uta kofia, anaendelea na safari kama mtu anayewahi kusaini kitabu cha mahudhurio. Akigonga nguzo anaivulia kofia. Dada, sikufikiri. Alipotoka majini nikasema taratibu, kwa sauti nzito ya kiofisi: "Nimelowa. Kwa taarifa na utekelezaji."

Banda lilitaka kuanguka. Mama Devotha alirudisha kanda nyuma mara tatu. Tangu siku hiyo mrefu akaitwa Bwana Utekelezaji, na kila wiki watu wakawa wanamtaka yeye, na kila wiki nikawa nampa maneno mapya ya baba. Jogoo alikwenda bandani. Maji ya kuoga yalikwenda. Mpaka ile siku baba alipoijibu posa ya shemeji Shaban kwa vifungu, nayo ilikwenda.

Mwezi wa tano baba alikwenda duka jingine, si la mama Devotha, kununua chumvi. Nilikuwa naye. Akamwambia mwenye duka nusu kilo ya chumvi, kwa taarifa na utekelezaji, kama alivyokuwa akisema siku zote. Watoto waliokuwa pale wakaanguka kwa kicheko. Mmoja akasema, mzee naye anamuiga Bwana Utekelezaji! Mwenye duka akamwambia baba kwa heshima zote kwamba amejitahidi, lakini yule mwenyewe wa kwenye video ni hatari zaidi. Baba akauliza huyo bwana ni nani. Wakamweleza. Njiani akaniuliza mara moja tu kama mtu wa Ulaya anaweza kuwa aliwahi kufanya kazi masijala. Nikasema sijui. Akasema huenda, utaratibu ni ule ule.

Jumamosi iliyofuata alikuja bandani. Nilimwona kwenye tundu la khanga. Kaunda suti, kalamu mbili, kofia kichwani. Akasalimia watu benchi kwa benchi, akakaa mbele, mikono magotini, kama anasubiri kuitwa kwenye usaili.

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kumwambia mama Devotha tumbo linauma. Hapa ndipo nilipokuwa nazunguka wiki zote mbili. Sikunyamaza, dada. Mrefu alipotokea watu walishangilia, na mimi nikasema yote, jogoo na posa na vyote, na nikasema vizuri kuliko siku zote. Baba hakucheka wala hakukasirika. Alisikiliza kama mtu anayesomewa jalada lake.

Kabla kanda haijaisha akainuka. Akaomba radhi kwa waliokaa nyuma yake, akapita akiwa ameinama asiwazibe. Mlango wa lile banda ni mfupi. Akagonga paji la uso kwenye mti wa juu. Na unamjua baba, akavua kofia, akauambia ule mti samahani.

Watu walikuwa bado hawajacheka. Ningeapa kwamba hawakuwa wameona. Maiki ilikuwa mdomoni kwangu, nikasema: "Nimegonga. Kwa taarifa na utekelezaji."

Hilo ndilo nililolifanya. Halikuwa la mzungu, halikuwa la kwenye kanda. Nilimsemea baba mwenyewe, akiwa amesimama na kofia mkononi. Badru alianguka kutoka kwenye benchi. Baba hakuwatazama. Aligeukia spika, akakaa hivyo kidogo kama mtu aliyeitwa jina lake, kisha akavaa kofia akatoka. Mimi nikamalizia kanda.

Niliporudi nyumbani alikuwa uani. Akaniambia anaomba maji ya kuoga. Nikasubiri. Hakuongeza kitu. Nikapeleka maji.

Tangu hapo hajayasema yale maneno. Kaunda suti iko sandukuni. Asubuhi anachukua jembe anakwenda shambani, na mzee Tabu amekuja mara mbili kuuliza kama mwenzake anaumwa. Barua ile uliyopata aliisema yeye, nikaandika mimi, kama kawaida yetu. Mwishoni nilishika kalamu nikingoja. Akasema, basi, hayo tu.

Bandani sikurudi. Mama Devotha alikuja kunibembeleza, akasema binti wa Songea anaulizwa. Hujaniuliza kama nimelia. Sijalia. Nakula, naenda shule, nafua. Usiku najaribu kuyasema yale maneno kwa sauti ya baba, lakini inatoka sauti ya mrefu.

Leo asubuhi nilimwomba baba bahasha, nikamwambia namwandikia dada. Hakuniuliza naandika nini. Alifungua sanduku akatoa moja ya zile kubwa za shirika, akaandika jina lako na Mbuchi kwa ule mwandiko wake wa masijala. Kisha kwenye kona ya juu, pale wanapoandika kwenye barua ambazo karani haruhusiwi kuzifungua, akaandika SIRI. Akapiga mstari chini yake, mistari miwili, akapuliza wino ukauke, akanipa.

Utaiona mwenyewe. Iko mkononi mwako sasa.

Msalimie sana shemeji na umbusu mtoto. Mama anakusalimu kutoka Umwe, mzee Tabu naye anakusalimu. Baba anakusalimu. Ukijibu, mwandikie yeye, usiniandikie mimi, na mwisho wa barua yako tafadhali uyaweke yale maneno. Wewe hukuwahi kuyachekea nje.

Ni mimi mdogo wako,
Mwanaheri