Gurudumu la Mbele Limekataa Kuzomewa

Jumamosi, 7 Juni

Ijulikane kwa wote wenye haki ya kusoma daftari hili — yaani mimi, na yule mende wa droo — kwamba leo saa nne asubuhi, mbele ya mashahidi wawili na kuku mmoja asiye na mwenyewe, nyumba hii imevunja rasmi uhusiano wake na tyubu za baiskeli. Uamuzi ni wa mwisho. Rufaa haipokelewi.

Sababu ninayo mkononi. Tyubu ya gurudumu la mbele: viraka kumi na tisa! Kiraka kimempanda kiraka mwenzake mpaka huoni tena mpira wenyewe uko wapi.

Baiskeli si yangu. Mimi kazi yangu kujalidi vitabu. Nakaa kitako asubuhi hadi jioni, na kitambi changu ni shahidi. Baiskeli ni ya mke wangu. Yeye ni mkunga wa zahanati, na wajawazito wake wametawanyika huko ambako gari halipiti. Mwezi uliopita alipata pancha mbili njia moja. Alipofika, mtoto alikuwa keshazaliwa, kapokewa na jirani, kafungwa kwenye pazia la dirisha. Mzima, ashukuriwe Mungu. Lakini mke wangu alirudi akanawa mikono muda mrefu sana, hakusema neno. Maneno ya mke wangu nayaweza. Ukimya wake siuwezi.

Na sasa kuna mke wa mfyatua matofali, kule tanurini. Mimba ya kwanza iliharibika. Hii imefika mwezi wa tisa, na mwenyewe ameapa hatapokewa mtoto na mkono mwingine ila wa mke wangu. Njia ya tanurini ni michongoma mitupu.

Basi nikaenda kwa fundi baiskeli wa kona. Tunamwita Itakubali, maana ndiyo dawa yake kwa kila ugonjwa. Kasema rimu ya kawaida inaweza kwenda bila tyubu. Unaziba matundu ya spoki kwa utepe mpana. Unapachika valvu yenye kitako cha mpira. Unavisha tairi, unamimina dawa nyeupe kama maziwa, unajaza upepo. Mwiba ukiingia, dawa inakimbilia tundu, inaganda, safari inaendelea. Nikamuuliza, hata rimu kuukuu kama hizi? Akazigonga kwa bisibisi, akasikiliza kama anapima moyo.

"Itakubali tu, mzee. Niachie hapa."

Nimwachie? Utepe na gundi? Miaka ishirini na sita nimekula kwa nini kama si kwa utepe na gundi? Nikanunua vifaa, nikarudi navyo kifua mbele.

Jumapili, 8 Juni

Kazi imefanyika!

Nimefungua tairi, nimetoa tyubu, nimesafisha rimu kwa spiriti mpaka nikajiona humo ndani. (Nimezeeka.) Ncha ya spoki imenidunga kidole gumba. Mke wangu akachukua plasta, na kabla ya kunibandika akazipunguza pembe zake kwa mkasi, zikawa mviringo. Ndivyo anavyofanya siku zote. Pembe kali hubanduka, anasema, ya mviringo hukaa. Nikamwambia kidole hakijali urembo. Akanibandika kwa nguvu zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika.

Kisha utepe. Hapa nikajitandaza. Nimeulaza kwenye rimu taratibu, kwa upole, bila kuuvuta hata kidogo, kama ninavyolaza kitambaa kwenye mgongo wa kitabu. Kanuni ya kwanza ya ujalidi: ukikivuta kitambaa, kikikauka kinajikunja na jalada linapinda. Na ncha mbili nimezikutanisha penye tundu la valvu, mahali ambapo jicho halifiki. Kazi safi.

Mke wangu alikuwa mlangoni na kikombe cha chai. "Hutauvuta kidogo, baba watoto?"

Nikamweleza, kwa utulivu, kwamba kila mtu na fani yake. Mimi simfundishi kuzalisha.

"Haya," akasema.

Valvu nimeikata kwenye tyubu ya viraka kumi na tisa, na kitako chake cha mpira. Tyubu imekufa kifo cha heshima.

Kujaza upepo — hapo palikuwa na kazi. Pampu ya mguu. Napiga, upepo unatoka pembeni fyuuu. Napaka maji ya sabuni. Napiga. Fyuuu. Jirani yangu, mwalimu mstaafu, akachungulia juu ya ukuta akauliza nazomewa na nani. Pumzi yangu yote ilikuwa kwenye pampu. Mwishowe — pah! pah! — tairi likaruka likakaa kwenye kingo zake. Nami nikaruka. Jirani akapiga makofi.

Saa moja jioni tairi limelegea. Nimeongeza upepo. Saa tatu limelegea tena. Nimemwambia mke wangu ni kawaida, dawa bado inatafuta njia. Akasema labda imeuliza watu wasiojua.

Jumatatu, 9 Juni

GUMU KAMA JIWE!

Nimelibonyeza kwa kidole, nimelibonyeza kwa goti. Jiwe. Dawa imeiona njia. Nimesimama uani na nguo za kulalia, nikilitazama na kuimba.

Nimelala fofofo, ila alfajiri nimeota bunduki zinalia, mara mbili. Uchovu wa pampu huo. Nilipotoka nimemkuta mke wangu keshaoga, keshakunywa chai, jasho jembamba puani. Kasema alikuwa anafagia uwanja. Mwanamke huyu hachoki.

Akapanda akaenda zake. Nimemsindikiza kwa macho mpaka kona. Gurudumu la mbele linazunguka kama halijui kwamba kuna mwiba duniani.

Jumanne, 10 Juni

Itakubali alikuja mwenyewe kukagua. Akalizungusha, akaweka sikio, akaweka shavu. Akasema hakutegemea. Kumbe "itakubali" yake huwa ni dua tu! Akaniuliza nimefanyaje. Nikampa somo la dakika ishirini juu ya kutovuta utepe. Mke wangu alikuwa anaanika nguo. Itakubali akamuuliza, shemeji, ni kweli mzee kafanya peke yake?

"Huyu? Mikono yake ya dhahabu," akasema mke wangu, pini ya nguo mdomoni.

Nimeisikia sentensi hiyo siku nzima. Kazini nimejalidi daftari kubwa la mahudhurio juu chini, miguu hewani. Nimebandua, nimerudia. Sikujali.

Alhamisi, 12 Juni

Saa nane mchana mfyatua matofali alimpigia simu mke wangu: uchungu! Akaondoka mbio. Nikabaki kwenye duka langu la kujalidi nimeshika brashi ya gundi mpaka imekaukia mkononi.

Amerudi jioni, kwa miguu, anaisukuma baiskeli. Haukuwa uchungu wenyewe, tumbo lilijaribu tu. Bado siku chache. Lakini gurudumu la nyuma, lenye tyubu bado, lilipata pancha akiwa anarudi. Angeipata wakati wa kwenda, je? Tulilitazama tu gurudumu.

Na la mbele? Nimetoa miiba mitatu, mmoja mrefu kama sindano ya kushonea magunia. Kila tundu limeacha tone dogo jeupe, limeganda. Upepo uko pale pale! Nimeilaza miiba mezani nikamwita jirani aone. Akasema kweli, hata asiyesoma anaweza kuwa na akili. (Yeye alifundisha hesabu. Mimi nilifeli hesabu. Anakumbuka.)

Nimemwahidi mke wangu: Jumamosi, la nyuma nalo linaaga tyubu.

"Pengine tukafanye kwa Itakubali," akasema.

Mtu aone kazi ya mkono wa dhahabu, halafu ataje wa shaba!

Jumamosi, 14 Juni

Sijui nianzie wapi.

Spiriti ile ile. Utepe ule ule. Upole ule ule. Valvu nimeikata kwenye tyubu ya nyuma. Ncha zimekutana penye valvu, kama kawaida yangu. Pampu, sabuni, pah, pah. Nikageuka nimtafute jirani nimringie.

Nilipogeuka tena, gurudumu lilikuwa linakamuliwa. Naapa. Maziwa yanachuruzika kutoka kila tundu la spoki, matundu thelathini na sita, tone tone, kama ng'ombe mwenye hasira. Nimebandua, nimerudia. Linavuja. Nimerudia. Mara ya tatu nimejimwagia dawa suruali yote, na imeganda, na haitoki.

Mke wangu alikuwa zamu ya kutwa zahanati. Amerudi akaniangalia miguu. Hakucheka. Akasema tu, pole, tule kwanza.

Kwa nini la mbele lilikubali? Mikono ni ile ile!

Jumapili, 15 Juni, mchana

Naandika uani, daftari gotini. Nimeamriwa nikae hapa nisiguse kitu chochote mpaka niitwe. Kwa hiyo naandika ukweli, wote, kabla sijaanza kuupamba.

Asubuhi mke wangu alikwenda kumtazama mzazi mmoja hapa karibu, kwa miguu. Nikawaza: kule mbele nilifanya vizuri, nimesahau tu nilifanyaje. Nilifungue, nimwige yule bwana wa Jumapili iliyopita. Nikatoa upepo, nikabandua tairi upande mmoja, nikafuta dawa, nikavaa miwani.

Utepe si wangu.

Umevutwa mpaka unang'aa. Umezungushwa mara mbili, hauna hata kunyanzi moja, umezama penye kila tundu la spoki kama ngozi ya ngoma. Hauishii penye valvu. Umeanzia mbali nayo, ukaipita, ukapandana. Nikaitafuta ncha ya mwisho. Nikaiona.

Pembe zake zimekatwa mviringo.

Nilikaa chini. Kwenye maji ya sabuni, lakini nilikaa. Bunduki zangu mbili za alfajiri! Jasho la puani! Kabla ya jua, peke yake, amebandua kazi yangu yote, akafunga rimu kama anavyofunga bandeji — anavuta, anapandisha, anavuta. Hiyo ndiyo kazi yake, na mimi nilimwambia kila mtu na fani yake. Akapiga pampu ile mwenyewe, yeye ambaye kwa uzito ni nusu yangu. Akaenda kazini. Wiki nzima ananisikiliza nikifundisha mtaa.

Siwezi hata kuona aibu sawasawa. Kila nikijaribu, jicho linarudi kwenye ule utepe. Ni mzuri mno. Miaka ishirini na sita kazini, sijawahi kulaza kitu kikakaa vile.

Nikiwa bado chini, lango likagongwa. Mfyatua matofali, kaja mbio kwa miguu, vumbi jekundu hadi kwenye kope. Simu ya mke wangu ilikuwa kwenye chaja ndani, inaita mimi sisikii. Uchungu. Safari hii wenyewe. Na mke wangu akaingia nyuma yake.

Tuliitazama baiskeli wote watatu. Magurudumu mawili, yote yamefunguliwa. Tyubu mbili, zote nimezikata. Itakubali Jumapili hafungui, kaenda kwao.

"Kila dakika ngapi?" mke wangu akamuuliza.

"Ishirini. Mama mkwe yupo naye."

Kwa miguu ni saa nzima na zaidi. Kwa baiskeli, robo saa. Akatazama jua, akatazama rimu ya mbele, akaniona nilivyoishika.

"Nimeona pembe," nikasema.

"Eeh."

"Kwa nini hukuniambia, mama watoto?"

Alikuwa keshakunja mikono, keshachukua spiriti. "Ulikuwa unaimba. Ningekukatiza?" Kisha, bila kugeuka: "Na jana nilikosea. Ilikuwa nikwambie jana. Leta mkasi, halafu kaa pale, usiguse kitu. Andika hicho kidaftari chako."

Kumbe anajua kuhusu daftari.

La mbele lilihitaji kufutwa na kuvishwa tu. Ameongeza dawa, kaniita, nimepiga pampu mpaka nyota zikaonekana mchana — pah! pah! — tayari, jiwe. Dakika kumi. Sasa yuko kwenye la nyuma. Mfyatua matofali amemshikia gurudumu, yeye anazungusha utepe. Midomo kaibana. Anavuta kwa kidole gumba, anabonyeza, anazungusha, hana haraka hata kidogo, na bado anakwenda mbio. Namna hiyo ndiyo huwafikia wale akina mama, bila shaka, na mimi sijawahi kumwona akiwa kazini hadi leo. Jirani amechungulia ukutani. Safari hii hapigi makofi, anaitazama mikono ya mke wangu.

Mfyatua matofali amelikodolea macho gurudumu. Anauliza kama litakubali. Mke wangu anamwambia tanuri halichochewi kwa kulitazama, na mtoto hali kadhalika, ashike vizuri. Ameshika. Sasa amenigeukia mimi, kaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza hospitalini: haya magurudumu, mzee, nani hapa ndiye fundi wake?

Nimemjibu. Naandika hapa hapa, wino haujakauka, ili kesho nisije nikasema vingine.

"Yeye."

Mke wangu amesikia, maana mkono umesimama kidogo kabla ya kukata ncha ya utepe. Sasa anazipunguza pembe. Moja. Ya pili. Ananiita. Pampu —