Kwako Kalama Dena, Uliyekokotoa Migongano ya Chembe za Chuma

"Mumeo huko chuoni anatengeneza bomu?" Ndivyo Jedida, jirani yetu hapa Muyeye, alivyoniuliza zamani, nawe ukamsikia kutoka mlangoni. Ulicheka, ukaketi kumweleza. Chembe ya chuma ikiwa kwenye joto kali kama la jua hugongwa na elektroni, nayo ikabandukwa na elektroni yake yenyewe. Kazi yako ilikuwa kukokotoa jambo hilo hutokea kwa urahisi gani, ili wanaochunguza mwanga wa jua wapate tarakimu za kutegemea. Jedida akasema, "Kumbe wewe ni refa wa ngumi." Ukalipenda jina hilo.

Baba Linet, mwaka umezunguka tangu ututoke, na mimi bado nimeshtuka kama jana. Tulikuwa tumemaliza sala ya asubuhi. Uliinama kufunga viatu, hukuinuka. Nilikuita kwa sauti ya kawaida tu, nikidhani unatafuta soksi. Chai yako ilikuwa bado inafuka mvuke. Mungu ndiye ajuaye, lakini mwili wangu haujakubali.

Ulikuwa mpole. Hukumpita mtu mzima bila kumwamkia. Mimi niliishia shule ya msingi, lakini kila jioni ulinisimulia kazi yako kama unayemsimulia mwenzako wa chuoni. Hesabu yako na vipimo vya maabara vikitofautiana, hukuficha. Uliweka vyote viwili, na kando yake ukasema wewe unaweza kuwa umekosea kwa kiasi gani. Uliniambia asiyesema hivyo hafai kuaminiwa.

Hukuona matanga yako kule Vitengeni. Daktari alikuwa amekwisha kusema ni mshipa wa moyo ulioziba. Lakini kaka yako Mangi alisimama akasema mtu mzima hafi hivi hivi, umelogwa, na mchawi ni baba yenu mdogo Ziro. Ziro yule yule aliyekuvusha mto mabegani ulipoanza shule. Kosa lake ni mvi. Vijana wakaanza kunong'onezana njia ya kwenda kwake, na sote tunajua wazee wanavyomalizwa huku kwetu. Nikasimama.

"Shemeji," nikamwambia, "unaweza kuwa umekosea kwa kiasi gani? Tuambie hapa, kabla mzee hajaguswa."

Vijana wakamtazama Mangi, wakangoja jibu. Mmoja akaketi, na wengine wakaketi. Mzee Ziro yu hai hadi leo, Kalama, analima mihogo yake.

Wanaokukumbuka ni mimi mkeo Sidi, wanao Linet na Lewis, dada yako Nyale, baba mdogo Ziro, majirani wa Muyeye na wenzako wa kazini. Hakuna sala itakayopita nyumbani humu bila jina lako.

Jumapili nilimsomea Mangi tangazo hili la kumbukumbu kabla ya kulipeleka gazetini, maana sikutaka kuchapisha neno juu yake kwa siri. Alisikiliza hadi mwisho, macho chini. Nikamwuliza kama nimwandike pamoja nasi.

"Niandike," akasema. "Baada ya jina la baba mdogo."

Akachukua kofia yake, akatoka.