Upande wa Pili wa Santuri ya Fundi Kalinga

Baba, ni mwaka mmoja sasa tangu Mama akukute kibandani pale Uyole umeinamia meza, santuri yako ya rege ikizunguka bure. Upande wa kwanza ulikuwa umekwisha na sindano ilikuwa inagonga katikati: tak, tak, tak. Alidhani umesinzia.

Tunakumbuka mikono yako, na ubishi wako pia. Kila redio uliyotengeneza uliipima kwa santuri ile uliyoinunua Iringa ukiwa kijana. Uliweka glasi ya maji juu ya spika, besi ikiingia na maji yakitetemeka, ulisema, "Huyu amepona, aende kwao." Wachimbaji wa Makongolosi walikuletea redio zimejaa vumbi, na hukuwahi kumkaripia mtu. Tulipokuambia albamu hiyo hiyo ipo kwenye simu, ulicheka: "Ipo, ila besi yake mmeiacha wapi?"

Baada ya mazishi Mama aliileta nyumbani pleya ya santuri, akaifunika kwa kitenge. Tulidhani ni majonzi tu. Lakini mtu akigonga geti, sufuria lilimtoka mkononi. Mwanao Aroni alipomwekea albamu kwenye simu, alikimbilia nje kabla wimbo wa mwisho haujaisha.

Juzi Shangazi Devotha alikuja kutoka Iringa.

"Wifi, kitu hiki kitakumaliza. Kitoe humu ndani."

"Nikikitoa nitabaki na ule mlio wa sindano tu," Mama alijibu. "Ndo ninaouogopa. Nausikia kila siku."

Hapo ndipo tulipoelewa.

Jumapili, tulipotoka kanisani, aliondoa kitenge mwenyewe. Aliipangusa santuri kwa pamba kama ulivyozoea, akaweka na glasi ya maji. Besi iliingia nzito na safi, utadhani imerekodiwa jana. Maji yalitetemeka, lakini Mama alikodolea macho sindano. Nyimbo za upande wa kwanza zikaisha. Tak, tak. Anjela alitaka kuinuka, Mama akamkatalia kwa jicho. Sote tuliogopa, Baba, tukahesabu milio ile kimoyomoyo.

Kisha akanyoosha mkono, akainua sindano. Akaigeuza santuri na kuweka upande wa pili, ule ambao siku ile hukuufikia.

"Haya, Baba Aroni," alisema. "Malizia."

Unakumbukwa na mkeo Marta, wanao Aroni na Anjela, dada yako Devotha, na mafundi wenzako wa Uyole. Daima tutakukumbuka, na hatutaiacha tena sindano igonge peke yake.